Mkono wa Baba Yako na Mimea Inayokula Inzi

Buchani, chumba cha nyuma,
Jumatatu, baada ya kufunga.

Mpendwa mwanangu Panzi,

Salamu zikufikie huko uliko, tena nyingi. Hujambo? Kifua bado kinakubana baridi ikizidi? Unakula? Na usiniambie chai na mkate ndio chakula, nakufahamu tangu ulipokuwa unaficha mboga chini ya mkeka. Mimi shangazi yako sijambo, ukiondoa goti, ambalo siku hizi linafanya mambo yake bila kuniuliza. Sauti ninayo, meno ninayo, na hasira sijapungukiwa.

Simu nimekupigia mpaka kidole kimechoka. Ujumbe nimetuma, haufiki. Ukiona namba ya nyumbani hupokei, najua, na sababu naijua, sikulaumu. Basi fundi saa wa hapa mtaani anasafiri Jumatano kuja huko kumwona bintiye, na nimemwambia barua hii akutie mkononi mwako mwenyewe, asimwachie mlinzi wala jirani. Keti kwanza, ndipo usome.

Baba yako yuko hospitali. Mkono wake wa kulia, ule wa kisu, umeharibika. Daktari anasema lazima ukatwe juu ya kiwiko kabla sumu haijapanda mwilini, la sivyo tutamzika wiki hii hii. Baba yako amekataa. Amesema hawezi kukatwa na mtu ambaye hajawahi kumwona akikata hata kuku. Nimemlilia. Nimemtukana. Nimemletea wenzake wote wa machinjioni, wamesimama pale na kofia zao mikononi, akawafukuza kama mbwa. Umebaki wewe tu, mwanangu. Namba ya zamu ya wauguzi nimeiandika nyuma ya bahasha. Piga, umwambie akubali, hata kama hutamwambia kingine chochote.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana utauliza, na chanzo ni ile mimea yako.

Ulipoondoka, masanduku yako ya vioo yenye ile mimea inayokula inzi yalibaki chumbani kwako, ukiacha lile ambalo baba yako alilivunja kwa shoka la mifupa. Siku ile sijaisahau, na damu uliyoitema sakafuni niliifuta mimi. Mtoto wa mwenye bucha kufuga maua! Alivyopiga kelele, utadhani umemletea nyumbani jambazi. Wewe ukachukua begi lako, ukatoka, na yeye akarudi kwenye gogo lake akakata mbavu za watu vipande vidogo hadi wateja wakanung'unika. Nilidhani kesho yake angeyatupa masanduku yaliyobaki. Hakuyatupa. Alipita mlangoni, akachungulia, akasonya, akaenda zake.

Mimi nikayatunza kama ulivyonielekeza. Taa niliiwasha na kuizima, maji niliwapa ya mvua peke yake, ya bomba hata tone hawakuonja. Lakini nikwambie ukweli, ndani ya kioo walikuwa wanaishi kwa adabu mno. Majani marefu, rangi ya kijani iliyopauka, yale ya mdomo ukiyagusa yanafumba taratibu kama mzee anayesikiliza hotuba. Ukungu ukaanza kuota kwenye kona. Nikafungua kifuniko kidogo wapate hewa, udongo ukakauka. Nikafunga, ukungu ukarudi. Ee, nilikusema wewe, uliyeniachia watoto wasiolia wala kuomba chakula.

Kisha inzi wakatuvamia buchani. Unawajua wale wa kijani wanaong'aa, walikuja jeshi zima. Baba yako akapiga kwa taulo, akapuliza dawa mpaka nyama ikanuka dawa, wateja wakakimbia. Siku moja asubuhi namwona anatoka chumbani kwako amebeba trei ya ile mitungi yako, ile yenye vikombe virefu na kofia juu, kaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Nikamwuliza anaipeleka wapi. Akasema inakwenda kazini, na yeyote anayelala nyumba hii lazima afanye kazi.

Akaiweka nje, kwenye kibaraza cha dirisha la bucha, juani, saa sita mchana! Kutoka kivulini moja kwa moja hadi kwenye moto. Siku ya tatu majani yote yameungua, yamekunjamana, kahawia tupu. Baba yako akanitukania wewe, akamtukana aliyeuza mbegu, akatukana na jua lenyewe. Lakini trei hakuiondoa. Na baadaye, mwanangu, yakachomoza majani mapya. Mafupi, magumu, yana mishipa myekundu kama nyama iliyochunwa sasa hivi. Sijawahi kuyaona hivyo ndani ya kioo, na nadhani hata wewe hukuwahi.

Hapo ndipo yalipoanza mauaji. Inzi anatua kwenye mdomo wa mtungi, anaramba utamu, anasogea hatua moja zaidi, anateleza. Anapanda, anateleza. Unamsikia mle ndani anapiga mbawa kama mtu anayegonga mlango wa choo, kisha anakata kauli. Mchana mtungi mmoja ulijaa inzi hadi shingoni, wa juu wakiwakanyaga wa chini, wanazama katika supu ya ndugu zao. Nyigu mmoja alikuwa jeuri, akautafuna ukuta wa mtungi akatoboa tundu, akatoa kichwa. Baba yako alimshangilia kwa makofi, wateja nao wakashangilia, kisha akamponda kichwa kwa kidole gumba. Watu wakaanza kuja kununua nyama ili waone hao watu wadogo wenye mbawa wakifa. Nakwambia kilivyo, sikupambi.

Basi akaleta na ile ya midomo. Hapo akafanya ujinga wake. Akasema kiumbe kinakula nyama, na yeye anauza nyama, sasa tatizo liko wapi? Akaulisha kila mdomo kipande cha maini. Ilifumba kwa furaha, naye akaniangalia kwa dharau. Baada ya siku chache midomo yote imekuwa myeusi, inavuja ute, inanuka kuliko pipa la mifupa. Nikamwambia mwanao aliandika kwenye karatasi, juu ya sanduku, kwa herufi kubwa, wasipewe nyama ya bucha, ina mafuta, inawaozea. Akanirushia mfupa. Nikamrushia huo huo. Lakini baadaye nikamwona anachukua kisu kile chembamba cha kuchunia, anakata majani meusi moja moja, kwa mkono mwepesi ambao hata wewe hukupata kuupata shavuni.

Tangu hapo tukawa na ubishi usiokwisha. Mimi nasema ndani ya kioo ndiko salama, unajua wamekunywa nini na nani kawagusa. Yeye anasema kioo ni jela, mnyama anataka jua, upepo na adui. Yale madogo yenye ulimbo kwenye nywele aliyatoa nje na upepo ukakausha matone yote yakabaki kama brashi kuukuu, akayarudisha ndani kimya kimya, nami nikaimba siku nzima. Mengine akajifunza kuyazoesha: kwanza mlangoni kivulini ndani ya sanduku lililo wazi, halafu jua la asubuhi tu, mwisho kibarazani. Nilipomwuliza nani kamfundisha, akasema ng'ombe naye humtoi zizini ukampeleka mbio siku hiyo hiyo.

Mvua ilipokatika tukaishiwa maji. Yeye akapata akili: akawa anakwangua theluji ile inayoganda juu kwenye kuta za friji kubwa, isiyogusa nyama, anaiyeyusha kwenye ndoo, anawanywesha. Wakapona vizuri kabisa. Watu wote wa mtaa wakaona mwenye bucha anamwagilia maua yake barafu, wakamcheka, naye hakujali.

Aliyeona vizuri zaidi ni jirani yetu muuza samaki. Unamkumbuka, yule jitu mwenye sauti ya kike, aliyekuwa anakupa vichwa vya samaki umpelekee paka. Wiki iliyopita baba yako alikwenda machinjioni, akachelewa. Jua lilikuwa kali, trei zimekauka. Muuza samaki, kwa roho yake safi, akaona mimea ya jirani ina kiu na mwenyewe hayupo. Akachukua kreti zake, akakusanya barafu iliyoyeyuka chini ya samaki, akazijaza trei zote mpaka juu. Ndoo baada ya ndoo. Mimi nilikuwa ndani kwenye mizani na foleni ndefu, sikuona. Mwanangu, barafu yake anaitia chumvi.

Baba yako alirudi, akaona maji. Akachovya kidole, akalamba. Nilimwona kwa dirishani, uso ukampauka. Akauliza neno moja, nani. Na yule bwege akatoka dukani kwake anatabasamu, anafuta mikono, anasema, "Jirani, nimekumwagilia. Yalikuwa yanakufa kwa kiu."

Hakumaliza. Ngumi ya kwanza iliondoka na meno ya mbele, niliyasikia yakidondoka kwenye sahani ya mizani yake, kling, kling. Ya pili ikampata sikioni. Muuza samaki ni mpole, lakini si mfu: akanyakua koleo la barafu akampiga nalo baba yako begani, likalia kama mti unavunjika. Wakashikana, wakaangukia meza ya samaki, meza ikavunjika, wakawa wanabingirika kwenye magamba na matumbo, wanang'atana kama fisi, watu wanapiga mayowe, hakuna anayethubutu. Mimi nikatoka na mfupa wa paja. Nilikusudia mgongo wa muuza samaki, nikampata kaka yangu kisogoni, na Mungu anisamehe, hakusikia hata kidogo.

Sanduku lako la mwisho kubwa lilikuwa mlangoni petu walikobingirikia, lile la kuzoesha. Baba yako akamkalia yule mtu kifuani, akainua ngumi amalizie, yule akapindua kichwa, na ngumi ikaingia kwenye kioo hadi kwenye kiwiko. Akauvuta mkono. Kioo kikabaki ndani ya nyama, kipande kama ulimi, kimesimama. Na hakuacha, Panzi! Aliendelea kumpiga kwa mkono ule ule wenye kioo, damu inaruka hadi kwenye mbavu zilizoning'inia, anapiga na anasema, "Ni ya mwanangu! Ni ya mwanangu, mshenzi wewe!" Watu wanne walimtoa, na mmoja wao alipoteza shati.

Ungedhani angekwenda hospitali. Wapi! Alichomoa kioo kwa meno, akausuuza mkono kwenye ndoo iliyokuwa karibu, na ndoo yenyewe ni ile ya maji ya samaki, akaufunga kwa aproni, akauza nyama mpaka jioni. Nilimpigia kelele, akaniambia amejikata mara nyingi kuliko nywele zangu. Siku ya pili mkono umevimba. Ya tatu umekuwa na rangi ya bluu na mstari mwekundu unapanda kuelekea kwapani, naye bado anajaribu kushika shoka, shoka linamwanguka. Alipodondoka mwenyewe nyuma ya gogo ndipo tulipombeba.

Muuza samaki hakwenda polisi. Anakuja hospitali kila siku, uso umefungwa bendeji, anakaa kwenye benchi la nje, analia kwa mianya ya meno. Anasema alitaka kusaidia tu. Nimekaa naye, nikampa mgongo, nikashindwa, nikampa leso.

Leo mchana nimejaribu kwa mara ya mwisho. Nikamwambia kaka, si wewe uliyekuwa unakata yale majani meusi ili shina lipone? Akanitazama kwa yale macho yake, akasema, "Mimi si ua, dada. Toka." Nimetoka. Ndiyo maana nakuandikia.

Jumatano asubuhi, naendelea.

Mwanangu, nimechelewesha bahasha kuifunga, na sasa hata hiyo namba nyuma yake usiihangaikie. Jana alfajiri homa ilimpanda hadi akawa hatujui. Alikuwa anatangaza bei wodini kwa sauti kubwa, kilo mbili, mfupa mbali, nani mwingine, nani mwingine. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaagiza nusu kilo, maskini, alidhani kweli. Kisha baba yako akaanza kukuita. Hakukuita Panzi, alikuita lile jina lako la kwenye cheti. Daktari akaniletea karatasi, akasema mgonjwa hana tena akili ya kuamua, ndugu wa karibu ndiye anayeamua, na ni saa hizi.

Nikatia sahihi. Sikusubiri neno lako, sikusubiri lake. Mkono ambao niliufundisha kushika kijiko, mkono uliotulisha sote, mkono uliokupiga wewe, nimeruhusu ukatwe kama mguu wa mbuzi. Daktari mwenyewe ni msichana, vidole vyake vyembamba kama njiti. Nilimshika bega nikamwambia akate vizuri, anayekatwa anajua kazi. Akasema, "Ndiyo, mama," akaingia. Nilikaa na muuza samaki kwenye benchi, na safari hii mgongo sikumpa.

Usiniulize mimea. Yote iliyokuwa nje imekufa. Niliisuuza kwa theluji ya friji ndoo kwa ndoo, chumvi ilishaingia kwenye mizizi, imelala yote myeusi na inzi wanatembea juu yake bila wasiwasi. Iliyopona ni ile yenye ulimbo tu, iliyobaki chumbani ndani ya kioo. Ubishi nimeshinda mimi, na sina wa kumtambia.

Jana jioni alizinduka. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, nimeyapanga kichwani tangu mchana, kwamba maisha ni bora kuliko mkono, kwamba watu wanaishi. Akautazama ule mviringo wa bendeji kwa muda mrefu. Akauliza, "Nani alikubali?" Nikasema, "Mimi."

Kikombe cha bati kilikuwa mezani upande wa kushoto. Sikuona alivyokishika. Niliona nyota tu. Kimenipata juu ya jicho, damu ikamwagika hadi kwenye blauzi, muuguzi akapiga ukunga, wakanishona pale pale kitanda cha jirani. Nakuandikia kwa jicho moja, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Lakini nisikilize, Panzi: kwa mkono wa kushoto! Amelala chali, homa haijaisha, na hakukosea hata kidogo. Nilicheka huku nashonwa, mpaka yule daktari msichana akasema nitulie sindano isinichome jicho.

Yeye hakucheka. Aligeukia ukutani akalia kwa sauti. Sijawahi kumsikia akilia, hata mama yako alipofariki alikwenda kuchinja. Alipotulia, bila kugeuka, akasema anajua nakuandikia. Akasema, "Mwambie asije. Sitaki anione hivi."

Fundi saa yuko mlangoni, anatazama saa yake kana kwamba ni yeye aliyeitengeneza vibaya. Mama yako mdogo anakusalimu, amekuja na mablanketi. Binamu yako mshona viatu anakusalimu, ndiye anayeshika shoka kwa sasa na anaharibu nyama ya watu. Muuza samaki naye ameniomba nikufikishie salamu na pole, na anauliza kama utakubali kumpa mkono.

Nimekufikishia maneno ya baba yako kama alivyoyasema, sikupunguza. Sasa sikia na ya aliyekulea: njoo. Panda gari lile lile atakalorudi nalo fundi saa, na ukifika usibishe hodi.

Mungu akushike ukiwa njiani, akupe kifua kizima na moyo mpana, na akutangulie wodini.

Ni mimi akupendaye kuliko macho yake yote mawili,
Shangazi yako wa mizani.